Je, Wajua? Palaver: Neno la Porojo Lililokulia Barazani

Waingereza wana neno "palaver". Katika kamusi zao za leo utakuta lina maana ya porojo, maneno mengi yasiyo na tija, au zogo kubwa juu ya jambo dogo. Lakini neno hili lilikulia katika pwani ya Afrika Magharibi, mahali ambapo mazungumzo marefu ndiyo yaliyokuwa mahakama, soko na bunge. Namna lilivyoshuka hadhi ni habari inayostahili kusimuliwa, kwa sababu inatuhusu.

Asili yake

Je, wajua kwamba mzizi wa palaver ni wa Kigiriki? Katika lugha hiyo, para ni kando, na ballein ni kutupa. Parabole likawa neno la kuweka kitu kando ya kingine ili vilinganishwe. Kwa ufupi, mfano.

Wajua kwamba mifano ya Yesu huitwa kwa neno hilohilo? Injili za Kigiriki huuita mfano parabole. Karne kadhaa kabla yake, waliotafsiri maandiko ya Kiebrania kwa Kigiriki walilitumia kufasiri neno mashal. Mashal ni ndugu wa mathal la Kiarabu, na mathal ndilo lililotupa sisi methali. Neno la porojo na neno la hekima ya wahenga yamewahi kukaa jamvi moja.

Je, wajua kwamba dishi la televisheni juu ya paa nalo lina jina la ukoo huu? Umbo la mkunjo wake huitwa parabola. Aliyelipa jina hilo ni mwanahisabati Apollonius wa Perga, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Wajua kwamba hata Shetani yumo katika ukoo? Ballein ikiungana na dia, yaani kuvuka upande wa pili, hupatikana kitenzi cha kusingizia watu. Msingiziaji akaitwa diabolos, na kutoka hapo lugha nyingi za Ulaya zikapata jina la Ibilisi. Wapo wataalamu wanaoona kwamba Iblis la Kiarabu limetoka humohumo, ingawa wanasarufi wa Kiarabu hulitoa katika mzizi wa kukata tamaa.

Je, wajua kwamba Kilatini cha zamani kilikuwa na jina jingine kabisa la "neno"? Lilikuwa verbum. Ukristo ulipoenea, verbum likawa jina la Neno wa Mungu. Sababu ambayo wanaisimu huitaja zaidi ni kwamba watu wa kawaida waliona haya kulitumia ovyo, wakachukua parabola kwa maneno yao ya kila siku.

Wajua kwamba Wareno walipata neno lao kwa sauti kupishana? L na r za parabola zilibadilishana nafasi kinywani mwa wasemaji. Kihispania kikabaki na palabra, Kireno na palavra. Katika lugha zote mbili maana yake ni "neno" tu, na halina dharau yoyote ndani yake.

Je, wajua kwamba "kusema" kwa Kireno ni falar, na kwa Kihispania ni hablar? Vitenzi hivyo vimetokana na fabulari ya Kilatini, yaani kupiga hadithi. Wafaransa na Waitaliano walibaki na ukoo wa parabola: parler na parlare. Kwa hiyo nusu ya jamaa hao wakisema wanatoa mfano, na nusu nyingine wanasimulia ngano.

Pwani ya Afrika

Wajua kwamba mwaka 1434 nahodha Gil Eanes aliivuka rasi ya Bojador, kusini mwa Morocco, ambayo mabaharia wa Ulaya walikuwa wakiihofu? Baada yake merikebu za Kireno ziliendelea kushuka pwani mwaka hadi mwaka, na katika kila bandari zilikuta wenyeji wenye desturi zao za kupokea wageni. Hakuna biashara iliyofanyika kabla ya watu kuketi na kuzungumza.

Je, wajua kwamba mojawapo ya mazungumzo hayo imeandikwa katika historia ya Ureno? Ni ya Januari 1482, katika nchi ambayo leo ni Ghana. Diogo de Azambuja alifika na mafundi na askari akiomba ardhi ya kujenga ngome. Mtawala wa pale, ambaye Wareno walimwandika Caramansa, alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akajibu kwamba marafiki wanaoonana mara mojamoja hupendana zaidi kuliko wanaokaa mlango kwa mlango. Mwishowe alikubali, kwa sharti la amani na ukweli.

Wajua kilichofuata? Mafundi walipoanza kuvunja mawe ambayo wenyeji waliyaheshimu kwa ibada, ugomvi ulizuka. Ulimalizwa kwa kurudi kwenye mazungumzo, na kwa zawadi zaidi. Ngome ya Elmina ingali imesimama mpaka leo. Caramansa alikuwa ameona mbali: jirani huyo mpya hakuwa na haraka ya kuondoka.

Je, wajua kwamba Waholanzi, Waingereza na Wafaransa walipofika baadaye walilazimika kutumia Kireno cha kuungaunga? Ndicho kilichokuwa lugha ya biashara pwani nzima. Waholanzi waliiteka Elmina mwaka 1637, lakini maneno ya Kireno hayakutekwa. Mpaka leo Mnaijeria akisema "sabi" kwa maana ya kujua, au "pikin" kwa maana ya mtoto, anatumia masalia ya saber na pequenino.

Wajua kwamba katika bandari hizo palaver halikuwa na maana ya soga? Lilikuwa na maana ya kikao rasmi: kukubaliana bei, kutoza ushuru, kusuluhisha kesi, kudai fidia, kufunga mkataba. Na tuseme ukweli wote: vikao hivyo vilihusu dhahabu na pembe za ndovu, na vilihusu pia binadamu waliouzwa utumwani. Neno hili limebeba pia kumbukumbu hiyo nzito.

Je, wajua kwamba Mskoti Mungo Park alieleza vizuri mahali pa vikao hivyo? Alisafiri katika nchi za Wamandinka kati ya 1795 na 1797, na kitabu chake kikatoka mwaka 1799. Anasema kila mji mkubwa ulikuwa na jukwaa linaloitwa bentang, mara nyingi chini ya kivuli cha mti mkubwa. Hapo ndipo mambo ya umma yalipoamuliwa na kesi kusikilizwa. Na hapohapo wasio na kazi walikutana kuvuta kiko na kusikia habari za siku.

Wajua kwamba Park aliwasifu mawakili wa huko? Aliona kwamba katika ufundi wa kuvuta kesi na kuitatiza, hawakuwa nyuma siku zote ya mawakili hodari wa Ulaya. Ushuhuda huo unaonyesha kwamba palaver lilikuwa na taratibu zake na wataalamu wake.

Lilivyoshuka hadhi

Je, wajua nani walioliingiza neno hili katika Kiingereza? Ni mabaharia na wafanyabiashara wa karne ya 18. Kufikia katikati ya karne hiyo lilikuwa tayari limepata maana ya pili huko Uingereza: maneno matupu.

Wajua kwa nini ni rahisi kuielewa safari hiyo ya maana? Nahodha alitaka kujaza shehena na kung'oa nanga kabla homa haijawamaliza watu wake. Wenyeji walitaka kumjua mgeni, kusikia kila upande, na kuyaweka makubaliano mbele ya mashahidi. Kwa mwenye haraka na asiyeijua lugha, saa hizo zote zilisikika kama kelele. Naye ndiye aliyerudi kwao na neno, pamoja na dharau yake.

Je, wajua kwamba wakusanyaji wa misimu ya London walikuwa wanajua neno lilikotoka? Kamusi ya misimu iliyoasisiwa na Francis Grose, katika toleo lake la 1811, inatoa maana ya kurairai mtu kwa maneno matamu. Kisha inaongeza kwamba asili yake ni neno la Kiafrika la mkataba na mazungumzo. Iliwasahau Wareno, lakini ilikumbuka vyema kwamba jambo lenyewe ni la Afrika.

Wajua kwamba Shakespeare alilitangulia neno hili kwa umbo la Kihispania? Katika tamthilia ya Much Ado About Nothing, iliyochapishwa mwaka 1600, yumo askari Dogberry anayemwomba mwenzake apunguze maneno kwa kutumia palabras. Dogberry mwenyewe ndiye mwenye maneno mengi kuliko wote jukwaani.

Je, wajua kwamba Wajerumani nao wana Palaver? Kwao ni mazungumzo yasiyokwisha na yasiyofika popote. Wafaransa wana palabre, na katika Ufaransa nalo hutajwa zaidi kwa maana ya maneno mengi yasiyo na faida. Dharau ilisafiri pamoja na neno katika lugha za mataifa yaliyotawala.

Ndugu zake wenye vyeo

Wajua kwamba palaver na jina la Bunge la Uingereza ni ndugu? Parliament limetokana na parler ya Kifaransa, yaani kusema. Jina hilo lilitumika rasmi nchini humo kwa mara ya kwanza mwaka 1236. Wazungu wakizungumza kwa siku nyingi huko Westminster, jina la shughuli hiyo ni la heshima. Waafrika wakizungumza kwa siku nyingi chini ya mti, ndugu wa neno hilohilo huwa porojo.

Je, wajua kwamba parlour, yaani sebule ya wageni, ilianza kama chumba cha watawa? Nyumba nyingi za watawa zilishika ukimya, na hicho ndicho kilikuwa chumba cha ruhusa ya kuzungumza.

Wajua kwamba parole, jina la kuachiwa mfungwa kwa masharti, lina maana ya neno la heshima? Mateka wa vita aliyeapa kwamba hatatoroka wala kushika tena silaha aliweza kuachiwa kwa kauli yake peke yake. Mzizi uleule uliozaa porojo ukazaa ahadi isiyovunjwa.

Kule lilikokulia

Je, wajua kwamba katika pijini ya Nigeria palava ni shida, kesi au kero? Ukiambiwa usitafute palava, unaonywa usijitafutie matatizo.

Wajua kwamba palava ni chakula pia? Ghana, Liberia na Sierra Leone zina mchuzi wa majani wenye jina hilo. Ghana hupikwa mara nyingi kwa majani ya jamii ya magimbi. Liberia hupikwa kwa majani ambayo Mtanzania atayatambua mara moja yakianza kuteleza: ni mlenda. Wasimuliaji wengine husema jina limetokana na viungo vingi vinavyobishana ndani ya chungu kimoja.

Je, wajua kwamba nchi za Afrika zinazozungumza Kifaransa zina "mti wa palabre"? Ni mti wa mkutano katikati ya kijiji, mara nyingi mbuyu. Huko palabre halina dharau iliyomo katika Kifaransa cha Ulaya. Mwaka 1997 mwanafalsafa wa Kameruni, Jean-Godefroy Bidima, alitoa kitabu kizima kuhusu palabre kama namna ya kutoa haki kwa njia ya maneno.

Wajua kwamba Wadogoni wa Mali hujenga nyumba maalumu ya mazungumzo? Huitwa toguna, na inapatikana katika vijiji vya miamba ya Bandiagara, eneo lililoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1989. Paa lake ni zito na liko chini sana, kiasi kwamba mtu mzima hawezi kusimama wima. Anayepandwa na hasira akataka kuinuka atagonga kichwa, basi huketi tena na kuendelea kusema akiwa amekaa. Ujenzi wenyewe unafundisha adabu.

Upande wetu wa bara

Je, wajua kwamba Wareno walituachia maneno pia? Walifika Mombasa na Malindi mwaka 1498, na Ngome ya Yesu ilianguka mikononi mwa Waomani mwaka 1698. Katika miaka hiyo 200 Kiswahili kilipokea meza, bendera, leso, karata na gereza. Kwa kikao cha mashauriano hatukuhitaji neno la kigeni kutoka kwao, kwa maana tayari tulikuwa na letu.

Wajua neno hilo ni lipi? Ni shauri, lenye asili ya Kiarabu, mzizi mmoja na shura, jina la sura ya 42 ya Kurani. Henry Morton Stanley na wasafiri wenzake wa karne ya 19 waliliandika vilevile walivyolisikia kwa wapagazi na viongozi wa misafara. Wajerumani katika Afrika Mashariki yao waliandika Schauri, huku wenzao wa Kameruni na Togo wakiandika Palaver. Jambo ni lilelile: watu kukaa na kushauriana.

Je, wajua kwamba shauri limepitia safari inayofanana na ya palava? Lilianza kama ushauri na kikao. Likawa jambo lililo mbele ya kikao. Leo tukimwambia mtu "shauri yako", maana yake ni kwamba tatizo ni lake na sisi tumenawa mikono. Neno la kukaa pamoja limegeuka neno la kuachana.

Wajua kwamba baraza nalo linafanana na bentang ya Mungo Park? Ni benchi la mawe mbele ya nyumba za Lamu na Unguja, mahali pa kahawa, bao na soga za jioni. Ni jina pia la chombo kikuu cha serikali: Baraza la Mawaziri. Mswahili hakuona aibu kuita kwa jina moja mahali pa stori na mahali pa maamuzi, kwa kuwa alijua kwamba maamuzi mazuri hutanguliwa na watu kuzoeana.

Wenzake wa maana

Je, wajua kwamba neno jingine la Kiingereza la maneno mengi, gossip, yaani umbea, lilikuwa jina takatifu? Katika Kiingereza cha kale godsibb alikuwa mzazi wa ubatizo. Baadaye likawa jina la marafiki wa karibu, hasa wanawake walioitwa kumsaidia mwenzao anayejifungua. Mazungumzo yao katika chumba cha uzazi ndiyo yaliyoitwa umbea na waliobaki nje.

Wajua kwamba scuttlebutt, uvumi wa mabaharia, lilikuwa pipa la maji ya kunywa melini? Waliokwenda kukata kiu walibadilishana habari hapo.

Je, wajua kwamba Australia uvumi huitwa furphy? John Furphy wa Shepparton alitengeneza matangi ya maji ya kukokotwa, yenye jina lake ubavuni. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia wanajeshi walikutana kwenye matangi hayo, na habari zisizo na uhakika zikapewa jina hilo. Ukoo huo ulikuwa wa maneno: Joseph Furphy, ndugu yake John, alikuwa mwandishi wa riwaya.

Wajua kwamba bunkum, maneno ya kujaza nafasi, ni jina la wilaya? Mwaka 1820 mbunge Felix Walker wa North Carolina, Marekani, alisimama katika mjadala mrefu kuhusu Missouri. Wenzake wakamsihi aketi. Akakataa, akieleza kwamba anasema kwa ajili ya Buncombe, wilaya ya wapiga kura wake.

Thamani ya kikao kirefu

Je, wajua kwamba Nelson Mandela alijifunza uongozi akiwa msikilizaji? Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1994, anaeleza mikutano ya Mqhekezweni chini ya mtawala Jongintaba. Kila aliyetaka kusema alisema, bila kukatizwa, na mtawala alinena mwishoni kabisa.

Wajua kwamba Mwalimu Nyerere, mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliuita mwenendo huohuo msingi wa demokrasia ya Afrika? Aliwatetea wazee wanaoketi chini ya mti na kuzungumza hadi wafikie mwafaka. Wapo waliompinga, wakihoji nafasi ya wanawake na vijana katika duara hilo. Hoja yao ni ya haki, na jibu lake ni kuupanua mduara ili kila mtu apate zamu ya kusema.

Je, wajua kwamba Liberia ililipa neno palava kazi mpya? Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha mwaka 2003, Tume ya Ukweli na Maridhiano ilitoa ripoti yake mwaka 2009. Miongoni mwa mapendekezo yake ni mpango wa taifa wa "palava hut", kibanda cha wazee kisicho na kuta, ambamo mkosaji na aliyekosewa hukaa uso kwa uso mbele ya jamii. Wananchi waliotendeana mabaya makubwa waliitwa warudi kwenye kile ambacho mabaharia walikiona ni porojo.

Wahenga wetu walisema penye wazee haliharibiki neno. Tunaishi katika wakati wa haraka, ambapo kikao kirefu huhesabiwa kuwa hasara na anayeuliza swali la pili huonekana msumbufu. Lakini mirathi, mpaka wa shamba, ndoa inayoyumba na kijiji kilichogombana havijawahi kuponywa na tamko la dakika 5. Vinahitaji watu walioketi, wenye subira ya kumsikiliza hata wasiyempenda. Kazi hiyo iitwe palaver, shauri au baraza, tuipe muda wake wote.